Mkataba Ukiisha, Ndipo Msimamo Wako Hupimwa

Hotuba kwa wachezaji, makocha na makatibu wa klabu, Kisumu

Wachezaji, makocha, makatibu wa klabu, na nyinyi wazazi mliokuja na vijana wenu, hamjambo.

Swali linaloletwa kila mara ni hili: mchezaji akitangaza msimamo wake wa siasa, timu zitamnyima kazi? Zinaweza kumnyima, ila si kwa namna watu wanavyotarajia. Watu hungoja barua ya kufukuzwa, na barua ya kufukuzwa inayotaja siasa huonekana mara chache mno. Ukiwa ndani ya mkataba, klabu ikitaka kukutoa inadaiwa sababu, na sababu hiyo inaweza kufikishwa mbele ya hakimu. Mkataba ukishaisha, hakuna anayedaiwa neno. Simu haipigwi tu. Hapo ndipo maneno uliyosema mwaka jana huwekwa kwenye mizani, na wanaoyapima hawatakuita uingie.

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mnaujua kwa picha ya goti peke yake. Colin Kaepernick alikuwa kwotabeki wa San Francisco 49ers, katika futiboli ya Kimarekani. Kwotabeki ni mshika usukani: kila shambulizi huanzia mikononi mwake, kwa kawaida ndiye anayelipwa kuliko wenzake, na timu isiyo na kwotabeki wa maana haiendi popote. Februari 2013 Kaepernick aliwafikisha wenzake fainali ya Super Bowl, wakalala 34 kwa 31 mbele ya Baltimore Ravens. Agosti 2016 alianza kubaki ameketi wimbo wa taifa ukiimbwa, akipinga dhuluma na mauaji ya Wamarekani weusi mikononi mwa polisi. Septemba 1 akaacha kuketi akapiga goti, pamoja na mwenzake Eric Reid, baada ya kuzungumza na mwanajeshi wa zamani, Nate Boyer, aliyewashauri kwamba goti lina heshima zaidi kuliko kukaa.

Msimu huo alianza mechi 11, timu ikashinda 1 tu kati ya hizo. Wanaomtetea na wanaompinga wamegawana takwimu zake kama samaki wa Dunga, huyu kichwa, yule mkia. Anayempinga anataja ushindi 1 katika mechi 11. Anayemtetea anataja pasi 16 za mabao, na pasi 4 tu zilizonaswa na wapinzani. Yote mawili ni kweli, na yote mawili hayatusaidii, kwa sababu mchezaji anayetafuta kazi halinganishwi na ubora anaouota kocha. Analinganishwa na yule aliyeipata ile kazi.

Basi tuwaangalie walioipata. Mwenzake wa timu hiyohiyo, Blaine Gabbert, alianza mechi 5 za msimu huohuo, akashinda 1, akatoa pasi 5 za mabao na 6 zikanaswa. Mei 2017 Gabbert alisajiliwa na Arizona Cardinals. Mike Glennon hakuwa ameanza hata mechi moja tangu 2014. Machi 2017 Chicago Bears walimpa mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 45, akacheza mechi 4 kisha akawekwa benchi. Agosti, Miami Dolphins walipompoteza kwotabeki wao kwa jeraha la goti, walimfuata Jay Cutler, ambaye alikuwa ameacha kucheza na ameshakubali kazi ya utangazaji wa televisheni. Wakamrudisha uwanjani kwa dola milioni 10 za mwaka mmoja. Kaepernick alikuwa na miaka 29 na hakuitwa.

Kulinganisha namna hii ndiyo kazi yenyewe, na nitairudia tukifika kwenye ushahidi. Nafasi ileile, soko lilelile, dirisha lilelile la usajili. Ukisema tu kwamba wewe ni mchezaji mzuri, hujasema kitu. Kila mchezaji aliyekosa timu ni mzuri kwa maelezo yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni tarehe. Kaepernick hakufukuzwa. Machi 2017 alijitoa mwenyewe katika mkataba wake na 49ers, kwa kipengele kilichomruhusu, na uongozi mpya wa klabu ukasema hata asingejitoa ungemwachilia. Akawa mchezaji huru mbele ya timu 32, na hakuna hata moja iliyokuwa na wajibu wa kueleza kwa nini haimtaki. Kocha wa Seattle Seahawks, Pete Carroll, alimwita wakazungumza, halafu akasema huyu ni mchezaji wa kuanza katika ligi hii, na sisi tunaye wa kuanza tayari. Huwezi kulipinga jibu hilo mahakamani. Ni la heshima na lina mantiki, na kila timu inaweza kuwa na jibu lake la aina hiyo.

Kisha siasa yenyewe ikapanda bei. Septemba 22, 2017, akiwa Huntsville, Alabama, Rais Donald Trump aliwataka wenye timu wawafukuze wanaopiga goti. Kuanzia hapo, mwenye timu aliyefikiria kumsajili Kaepernick hakuwa akihesabu mshahara peke yake. Alihesabu simu za mashabiki wenye tiketi za msimu, wadhamini, na Rais wa nchi kulitaja jina la klabu yake jukwaani.

Oktoba 2017 Kaepernick aliwashtaki wenye timu kwa kula njama ya kumnyima kazi. Shauri kama hilo halikwenda mahakama ya kawaida. Lilikwenda kwa msuluhishi, Stephen Burbank, chini ya kifungu cha 17 cha makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji. Kifungu hicho ni kigumu. Mchezaji kukosa kusajiliwa si uthibitisho wa njama. Hata ukiongeza ushahidi kwamba una kipaji kuwashinda waliosajiliwa, bado haitoshi. Lazima uonyeshe kwamba timu zilikubaliana, au kwamba timu ilikubaliana na ligi yenyewe. Agosti 2018 Burbank alikataa kulitupa shauri, akasema lisikilizwe. Februari 2019, kabla halijaamuliwa, pande mbili zikapatana kwa masharti ya siri. Suluhu si hukumu. Anayewaambia kwamba njama ilithibitishwa amezidisha, na anayesema ilikanushwa naye amezidisha.

Lakini hebu fikirini jambo hili, maana hapa ndipo wengi huteleza. Wenye timu 32 wakimwogopa shabiki mmoja, kila mtu kwa wakati wake, ofisini kwake, bila kumpigia mwenzake simu, mchezaji atakosa kazi vilevile. Matokeo ni yaleyale na njama haipo. Sheria yao ya ligi ilikuwa na wavu wa kuvua njama, na woga wa mtu mmojammoja ukapenya kwenye matundu. Isitoshe, sheria kuu ya Marekani inayokataza ubaguzi kazini haitaji maoni ya kisiasa miongoni mwa sababu zilizokatazwa kwa waajiri wa kibinafsi. Ya Kenya inayataja. Tutafika huko.

Wapo waliopinga na wakaendelea kula mshahara, na ni haki kuwataja. Malcolm Jenkins wa Philadelphia Eagles aliinua ngumi wakati wa wimbo wa taifa misimu hiyohiyo. Alikuwa amesaini nyongeza ya miaka 4 mapema 2016, akabaki na timu, na Februari 2018 akashinda nayo ubingwa. Kenny Stills alipiga goti msimu wa 2016 akiwa Miami Dolphins, mkataba wake ukaisha, na Machi 2017 klabu ileile ikampa mkataba mpya wa miaka 4 wa dola milioni 32. Stills ni shahidi mgumu kwa hoja yangu, siwezi kumficha. Mkataba wake uliisha akapimwa, na akapita. Tofauti ni kwamba klabu iliyompima ilikuwa yake, mwenye timu alikuwa ameshayamaliza makelele ya mashabiki mwaka uliotangulia, na Stills hakuwa sura ya maandamano yenyewe. Gharama ya kumbakiza ilikuwa imeshalipwa. Klabu mpya ndiyo hulipa gharama hiyo upya.

Eric Reid naye, yule aliyepiga goti la kwanza pamoja na Kaepernick, mkataba wake uliisha Machi 2018. Alikaa bila timu mpaka mwisho wa Septemba, msimu umeshaanza, ndipo Carolina Panthers wakamchukua. Panthers walikuwa wamenunuliwa mwaka uleule na tajiri mwingine, David Tepper. Kwa hiyo mkiuliza kama siasa ya mchezaji inaathiri ajira, ulizeni kwanza pesa ni ya nani na amekaa kwenye kiti hicho tangu lini.

Tukiuliza hivyo hapa kwetu, jibu linakuja haraka, maana klabu zetu zina wenyewe wa aina tofauti kabisa.

Kuna klabu za taasisi. Ulinzi Stars, iliyozoeleka Afraha pale Nakuru kwa miaka mingi, ni ya jeshi. Kenya Police ni ya polisi, Bandari ni ya mamlaka ya bandari, KCB ni ya benki. Kuna klabu zilizoishi kwa sukari, Nzoia, Chemelil, Muhoroni, SoNy, na viwanda hivyo kwa miaka mingi vilikuwa vya serikali. Kuna timu zinazopata pesa za kaunti. Halafu kuna klabu za jamii, Gor Mahia na AFC Leopards, ambazo walezi wake wamekuwa wanasiasa wakubwa. Siasa iliingia kwenye klabu hizi kabla mchezaji yeyote hajafungua mdomo: Abaluhya ilipoitwa AFC Leopards mwaka 1980, haikuwa kwa mapenzi ya mashabiki. Serikali ilikuwa imeamuru majina ya kikabila yaondolewe.

Kwa mchezaji wa ukanda huu maana yake ni moja. Msimamo unaokubeba mabegani hapa Kisumu ndio huohuo unaokufungia mlango kwingine. Kijana aliyejirekodi akizungumza kuhusu Mswada wa Fedha mwaka 2024 atapigiwa makofi Kondele. Miezi 18 baadaye yuko kwenye majaribio ya timu ambayo mwenyekiti wake ameteuliwa na serikali, na video hiyo iko kwenye simu ya katibu. Kocha hana neno naye, anamtaka. Kocha anapeleka majina 5 juu, yanarudi 4.

Hapo ndipo uamuzi ulipo, na si uwanjani. Benchi la ufundi hupendekeza, ofisi hupitisha. Jina likikatwa ofisini, kocha huambiwa bajeti haitoshi, na mara nyingine ni kweli haitoshi. Mchezaji huambiwa "tutakupigia." Kadiri ulivyo juu ya wenzako kwa ubora, ndivyo ofisi inavyopata taabu kulikata jina lako. Mfungaji wa mabao 17 hukatwa kwa shida. Beki wa akiba, ambaye mwenzake wa kiwango kilekile anapatikana Kakamega kwa mshahara huohuo, hukatwa bila mtu kuinua kichwa. Uharakati humuumiza zaidi mchezaji wa kati, na wachezaji wengi ni wa kati.

Wanariadha mliopo, lenu ni la pekee kidogo. Wengi wenu mnakimbia mkiwa askari polisi, magereza au wanajeshi, au mnatafuta kuandikishwa huko. Ibara ya 239(3) ya Katiba inamkataza kila mwanachama wa vyombo vya usalama wa taifa, yaani jeshi, polisi na ujasusi, kuendeleza maslahi ya chama cha siasa au ajenda ya kisiasa anapofanya kazi yake. Kwa hiyo ukivaa sare, ukasimama jukwaani na mgombea, usilete hoja ya ubaguzi. Umevunja sharti la kazi. Lakini pia msiogopeshwe kupita kiasi. Ibara ya 24(5) inaorodhesha haki ambazo sheria inaweza kuwapunguzia wanajeshi na polisi, kama kukusanyika, kuandamana na mahusiano ya kazi. Uhuru wa kujieleza haumo kwenye orodha hiyo. Haina maana kwamba haupunguzwi kabisa. Maana yake ni kwamba anayetaka kuupunguza ana kibarua cha kueleza.

Sasa sheria ya ajira, kwa wachezaji wa klabu za kiraia. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au mtu anayetafuta kazi, kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa au mengineyo. Yasikieni vizuri maneno "anayetafuta kazi." Yanamfikia mchezaji aliye kwenye majaribio. Na shauri likifika mahakamani, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba ubaguzi haukutokea. Kifungu cha 46 kinaongeza kwamba maoni au ufuasi wa kisiasa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kwa maandishi, mchezaji wa Kisumu amelindwa kuliko Kaepernick.

Kwa vitendo analindwa kidogo, na chanzo ni mikataba yetu. Mahakama zetu huchukulia kwamba mkataba wa muda maalum hufa wenyewe siku yake ikifika, na klabu haidaiwi kuuhuisha isipokuwa iliahidi. Klabu inajua hivyo. Inayotaka kumwondoa mchezaji bila kelele haimfukuzi Aprili, katikati ya mkataba, inamsubiri Juni, mkataba unapoisha.

Mtu akivunjiwa mkataba katikati, hadithi huwa nyingine kabisa. Mwanasoka Anwar El Ghazi aliachishwa kazi na klabu ya Mainz ya Ujerumani Novemba 2023 kwa ajili ya ujumbe aliouweka mtandaoni kuhusu vita vya Gaza. Julai 2024 mahakama ya kazi ikaamua kwamba mkataba haukuvunjwa kihalali, na mshahara wake ukadaiwa. Mesut Özil alitumia njia ya kati isiyo na mshindi: Desemba 2019 alilaani mateso ya Wauighuri nchini China, Arsenal ikajitenga na kauli yake, na Oktoba 2020 jina lake likaachwa nje ya vikosi vya ligi na Ulaya. Kocha alisema ni sababu za mpira. Mshahara uliendelea kulipwa mpaka alipohamia Fenerbahçe Januari 2021. Mkataba ulilinda mfuko wake, haukulinda nafasi yake kikosini.

Kwa hiyo someni mkataba kabla ya kalamu kugusa karatasi, na mkisome polepole kifungu cha nidhamu. Mara nyingi kinakuja hivi: "Mchezaji hatafanya wala kusema jambo lolote litakaloiaibisha klabu, wadhamini au washirika wake, kwa maoni ya klabu." Sentensi moja, mitego 3. "Jambo lolote" linaingiza hata ulichosema nyumbani kwa shangazi yako. "Washirika" ni nani? Kaunti ikitoa basi, imeshakuwa mshirika, na gavana naye. "Kwa maoni ya klabu" linaifanya klabu iwe mlalamishi na hakimu.

Usikikatae chote, hutashinda, na klabu ina haki ya kulinda jina lake. Omba kiandikwe upya. Kwanza, maneno "kwa maoni ya klabu" yatoke, yaingie "baada ya mchezaji kusikilizwa." Hilo si fadhila: kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinataka mfanyakazi aelezwe kosa na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama kabla hajaachishwa kwa utovu wa nidhamu. Pili, washirika watajwe kwa majina, au neno litolewe. Tatu, iongezwe sentensi moja: maoni halali ambayo mchezaji anayatoa kwa jina lake mwenyewe, nje ya sare na shughuli za klabu, si kosa la nidhamu. Nne, adhabu ziwe na ngazi: onyo la maandishi, faini yenye kikomo kinachotajwa kwa shilingi au kwa siku za mshahara, na kuvunja mkataba mwisho kabisa. Katibu akikataa sentensi ya tatu lakini akakubali ya kwanza na ya nne, chukua. Hizo mbili ndizo zinazokuokoa Aprili.

Dai pia nakala yako yenye sahihi zote mbili siku hiyohiyo. Mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uwe wa maandishi, na wachezaji wengi wanaocheza misimu 2 bila nakala mkononi hawana hata njia ya kujua kifungu cha nidhamu kinasemaje.

Kuna neno kuhusu sare, kwa kuwa hapo ndipo vijana hujitia kitanzini wenyewe. Sheria ya 4 ya mchezo wa soka inakataza maandishi ya kisiasa, ya kidini au ya kibinafsi kwenye vifaa vya mchezaji, hata kwenye fulana ya ndani ukiifunua. Sheria ya 12 inakupa kadi ya njano ukivua jezi kushangilia, hata bao likifutwa. Ukifanya yote mawili umeipa klabu kosa safi la kimichezo, na klabu iliyokuwa ikitafuta namna ya kukugusa kwa maoni yako haihitaji tena kuyataja. Sema unalotaka kusema ukiwa na shati lako, kwa akaunti yako, nje ya basi la timu. Nembo ya klabu isionekane hata kwenye begi lililo nyuma yako kwenye video.

Sasa ushahidi. Mashauri mengi ya aina hii hufa kwa sababu mchezaji huja na uchungu bila karatasi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hapa Kisumu na kingine Nakuru, haitaki kusikia kwamba kila mtu anajua. Inataka kuona nani alisajiliwa katika nafasi yako, tarehe gani, ana umri gani, alicheza dakika ngapi msimu uliopita. Ligi zetu za chini hazina takwimu za kuchukua mtandaoni, kwa hiyo karatasi za mechi ndizo dhahabu. Piga picha karatasi ya kila mechi siku ya mechi, kabla haijaenda na kamishna wa mechi. Ukikumbuka Julai, umechelewa.

Ujumbe wa WhatsApp ni ushahidi, lakini watu huuharibu. Wanapiga picha ya skrini yenye sentensi moja, namba imekatwa, tarehe haionekani, halafu wanabadilisha simu. Hifadhi mazungumzo yote tangu mwanzo, na simu yenyewe usiiuze. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Sauti ya katibu akisema "wewe una siasa nyingi" ina thamani kubwa. Iliyosambazwa mara 6 kwenye magrupu, bila ile simu ya kwanza, inapungua thamani kila hatua.

Andika pia, mwenyewe, barua fupi baada ya majaribio. "Nilifanya majaribio na timu tarehe fulani hadi fulani, naomba kujua matokeo." Mistari 2 inatosha. Klabu ikijibu kwamba nafasi zimejaa, na wiki moja baadaye ikasajili beki wa akiba, umepata kitu. Isipojibu, umepata tarehe.

Na msipeleke shauri mahali pasipohusika. Jopo la kutatua mizozo ya michezo, lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013, husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirikisho, na mizozo mingine pale tu pande zote zikikubali kwenda huko. Klabu iliyokunyima kazi haitakubali. Mchezaji anangoja jopo miezi 8, kisha anaambiwa halina mamlaka, na saa ya sheria ya ajira ilikuwa ikihesabu muda wote huo.

Saa kama hiyo ilimshinda Craig Hodges huko Marekani. Alikuwa mpiga pointi 3 wa Chicago Bulls, katika mpira wa kikapu, bingwa wa shindano la mitupo hiyo mwaka 1990, 1991 na 1992. Oktoba 1991 Bulls walipoalikwa Ikulu ya Marekani, alivaa dashiki akaacha barua kwa Rais George Bush mkubwa kuhusu hali ya maskini na watu weusi. Mwaka 1992 Bulls wakamwachilia, na hakuna timu nyingine ya ligi iliyomchukua. Shindano la 1993 lilipofika, bingwa mtetezi alikuwa yeye, basi akaitwa. Aliingia uwanjani na jezi yenye nembo ya ligi tu, kwa sababu hakuwa na klabu ya kuandika kifuani. Aliishtaki ligi mwaka 1996. Mwaka 1998 shauri likatupwa kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita.

Hapa kwetu muda ni miaka 3. Kwa aliyefukuzwa, siku ya kuanza kuhesabu iko kwenye barua. Kwa aliyeachwa bila simu, hakuna barua, na wakili wa klabu atachagua siku inayomfaa. Mpe yako. Kanuni za FIFA zinakuruhusu kusaini na klabu nyingine mkataba wako ukibakiza miezi 6 au pungufu, kwa hiyo andika nyuma ya nakala yako siku hiyo ya miezi 6, kisha siku mkataba unapokwisha, kisha siku dirisha la usajili linapofungwa. Pembeni ya kila tarehe andika klabu ulizozungumza nazo na aliyepokea simu. Mkiwa na mikataba yenu hapa, ileteni mezani, tuanze na kile kifungu cha nidhamu.